Daftari la Barafu

Kalamu imefungwa kwa kamba kwenye uti wa daftari.
Raba hatuweki.
Miaka kumi na tisa nimelitunza, hapa Kihnu,
kwenye kibanda cha gati,
maana Februari feri hulala, bahari ikawa barabara,
na barabara ya namna hiyo inataka mtu aitoboe kwa keekee
kila asubuhi, apime, aandike.

Sheria niliikuta ukutani. Aliibandika Leida
kwa mwandiko wake wa mwalimu wa hesabu:
*Ulichoandika leo, kirekebishe hadi jua la kesho lizame.
Baada ya hapo si chako.
Ukiwa na neno, liandike kwenye ukurasa wa siku hiyo.*

Walininung'unikia. Ülo alitaka kufuta
kosa la tahajia la mwaka themanini na nane.
Nikamwambia: Ülo, kosa lako lina umri kuliko binti yako,
liamkie.

Kisha, usiku mmoja, Heldur.
Theluji ikimdondoka viatuni hadi kwenye mkeka,
mfukoni wembe wa kunyolea, umeviringwa gazeti.
Hakuuliza kitu. Kidole chake kilijua njia,
miaka kumi na moja nyuma, tarehe sita Machi:
*Sentimita thelathini na mbili. Gari dogo lipite.*
Na chini yake, wino uleule, mkono mwingine:
*Nimesoma. Natoka saa mbili na robo. Endel Vaher.*

Vaher, kama mimi.

"Ilikuwa ishirini na mbili," akasema.
"Kule kwenye mkondo. Labda hata pungufu.
Nilipima hapa tu, mlangoni pa gati.
Maimu, niache niandike ukweli."

Nilimtazama akiufungua wembe.
Ncha yake ingeikwangua ile tatu kwa pumzi moja,
karatasi ingebaki na ukungu mdogo tu,
na ukweli ungekaa pale, umenyoosha mgongo,
tarehe sita Machi, kana kwamba haukuchelewa.

Lakini chini yake mume wangu amesema: *Nimesoma.*

"Ukiandika mbili hapo," nikamwambia,
"Endel atakuwa amesoma ishirini na mbili
na akawasha gari.
Atakuwa mjinga, Heldur. Au mtu aliyechoka kuishi.
Wanangu watakuja kusoma hapa.
Alisoma thelathini na mbili. Alikuamini.
Hilo nalo ni kweli, na ndilo pekee alilobakiza
kwa mkono wake."

Jiko lilipasua kuni. Yeye hakusema.
Nikafunua ukurasa wa leo, nikamsogezea kalamu
kadiri kamba ilivyoruhusu.

Aliandika muda mrefu kwa mistari michache:
*Tarehe sita Machi ya mwaka ule nilipima mahali pamoja.
Mikono iliniuma kwa baridi.
Kwenye mkondo sikufika.
Nikaandika kana kwamba nimefika.*

Akaondoka. Wembe akausahau mezani;
siku hizi nafungulia bahasha.

Kesho yake, saa kumi, jua likiwa limebaki unene wa kidole
juu ya barafu, alirudi anahema.
"Bado?" akauliza mlangoni.
"Bado," nikasema.
Akainama, akapiga mstari mmoja
juu ya ile habari ya mikono na baridi,
mstari mwembamba, maneno yakisomeka chini yake,
akaweka kalamu.

Tulikaa. Sikumkaribisha chai, wala sikumfukuza.
Dirisha likawa jekundu, likawa la kijivu.

Jua lilipokwisha kuzama, nikavuta daftari,
nikaandika chini ya maneno yake:

*Nimesoma.
M. Vaher.*